Mita inasoma 395 badala ya 580? Usiguse trimpoti kwanza

Lalamiko hili sasa limekuwa wimbo. Mteja anachukua amplifaya yake ya hedifoni za elektrostatiki kwenye karakana yetu, anafika nyumbani, anachomeka ncha ya mita kwenye tundu la bayasi (volti ya kudumu inayochaji utando wa hedifoni), anakuta volti 395. Karatasi ya vipimo tuliyompa inasema 580. Wa karibuni alituma picha ya mita na maneno mawili tu: "Mmenipunja volti." Hasira yake inaeleweka, maana tofauti ya volti 185 si ya kufumbia macho. Ila amplifaya ilikuwa na 580 kabla hajaipima, na ilirudi 580 alipoondoa mita.

Kati ya chanzo cha bayasi na soketi kuna rezista ya megaomu 4.7. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Ukigusisha ncha, hizo mbili zinagawana umeme: 580 mara 10, gawanya kwa 14.7, unapata 394 na pointi. Ukitumia ile mita ya manjano ya bei poa, DT-830, yenye megaomu 1 tu ndani, utasoma kama 102 na utadhani bodi imekufa kabisa. Hedifoni zenyewe hazifanyi hivyo. Utando ukishajaa chaji haunywi tena mkondo, na pasipo mkondo rezista haipunguzi hata volti moja. Mita ndiyo inayokunywa.

Kwa hiyo ukipima kwenye soketi kwa mita ya megaomu 10, zidisha unachokiona kwa 1.47. Sisi hupima kwa kutumia probu ya gigaomu 1, ambayo kwenye soketi hiyohiyo inaonyesha 577. Wengine hupima upande wa nyuma wa rezista, kule umeme unakotoka, lakini hapo hakuna kinga ya megaomu 4.7, kwa hiyo mkono usiozoea ubaki mbali. Soma pia maandishi yaliyo juu ya mita: kama imeandikwa volti 600, unaifanyia kazi ukingoni.

Gharama halisi inaanza pale mtu anapojaribu "kurekebisha" hiyo 395. Ilirudi bodi moja ambayo mwenyewe alizungusha trimpoti (rezista ndogo ya kurekebishia volti) hadi mwisho, akaona haitoshi, akaongeza hatua nyingine ya dayodi na kapasita kwenye kizidishio (saketi inayopandisha volti ya bayasi) ili mita isome 580. Ikasoma 580 kweli. Maana yake ndani kulikuwa na volti 852. Kapasita ya mwisho ya kuchuja, iliyoandikwa 630, ilipasuka. Kabla haijapasuka, utando wa sikio la kushoto ulishavutwa ukagandamana na stata (sahani zenye matundu zilizo pande mbili za utando). Utando huo ni plastiki ya unene wa mikroni moja au mbili hivi, na mvutano uliowekwa kiwandani umepimwa kwa volti 580. Bodi ilitengenezeka kwa nusu siku. Hedifoni hatukuweza kuzirudisha.

Mwingine aliunganisha waya juu ya rezista ya 4.7, akisema inazuia umeme kupita. Ndiyo kazi yake. Mkondo wa bayasi haupaswi kuzidi miliampea 0.12 hata soketi ikipigwa shoti. Vumbi likiingia kati ya utando na stata cheche huruka, na rezista huizima ikiwa bado ndogo. Ukiiruka rezista, cheche inatoboa utando. Hadithi ni hiyohiyo kwa zile rezista za kiloomu 5.1 zilizo kwenye mistari minne ya kwenda kwenye stata. Kila baada ya muda mtu husoma mahali kwamba zikitolewa sauti "inafunguka". Zimewekwa pale ili kebo ikichubuka mkondo usipite miliampea 78 au hivi, na hata huo ni mkubwa kwa moyo wa binadamu.

Na kuna wa pini sita. Hedifoni za zamani za Stax, kampuni ya Japani, zilitumia bayasi ya volti 230 na plagi ya pini sita. Soketi ya Pro, aina iliyofuata ya volti 580, ina matundu matano makusudi, ile plagi ya zamani isiingie. Tumeletewa plagi iliyokatwa pini ya katikati kwa koleo, na soketi iliyotobolewa kwa drili. Kama unazo hedifoni za aina zote mbili, tuambie mapema, tunaweka soketi ya pili yenye bayasi yake. Gharama ni soketi, dayodi moja ya zena au mbili, na rezista. Koss za familia ya ESP/950 zilitengenezwa kwa volti 600, hizo zinakwenda na 580 bila shida ukiwa na adapta.

Bei ya upande wa umeme

Wengi wanaotuletea bodi za KGSSHV, ile saketi ya amplifaya ya elektrostatiki iliyobuniwa na Kevin Gilmore, wameshalehemu wenyewe karibu kila kitu, na mara nyingi wamelehemu vizuri. Wanashangaa tunapotoza upande wa umeme zaidi ya upande wa sauti. Hesabu ni hizi.

Reli (njia kuu za umeme wa amplifaya) za volti +400 na −400 tunazipata kwa sekondari mbili za transfoma, yaani upande wake wa kutokea, za volti 350. Baada ya dayodi za kunyoosha, 350 mara 1.414 ni 495, kabla kidhibiti hakijaishusha hadi 400. Hiyo ni pale ukutani mna 230 kamili. Ukutani mkipanda hadi 250, na usiku wa manane hupanda, inakuwa 538. Ongeza kidogo kwa dakika ile ya kuwasha, bodi haijaanza kula mkondo na transfoma haijalemewa. Sasa mteja ananunua kapasita za volti 450 kwa sababu "reli ni 400", au za 500 akiona ameweka akiba. Zinaishi miezi michache, kisha vifuniko vinavimba. Sisi tunaweka mbili kwa mfululizo kila reli, mikrofaradi 470 za volti 400 kila moja, na juu ya kila moja rezista ya kiloomu 220, wati 2, ili zigawane sawa. Unalipia kapasita nne badala ya mbili, na nafasi kwenye boksi. Hapo hatupunguzi.

Rezista hizo za wati 2 huulizwa sana, kwa sababu ukipiga hesabu ya joto inatoka theluthi moja ya wati. Kweli. Ila rezista ina kikomo cha volti pia, si cha wati pekee. Ile ndogo ya robo wati kwa kawaida mwisho wake ni volti 250, iwe ina joto au haina. Ukiiweka penye volti 400 haitaungua mbele yako. Thamani yake itahama polepole, kisha itakatika, na kwenye njia ya mrejesho hiyo ni kusema spika ya sikio moja itapelekewa reli nzima. Kama huna ya volti kubwa, weka tatu au nne kwa mfululizo zigawane. Kosa hili tunalikuta kwenye bodi nyingi kuliko kosa jingine lolote, na halionekani kwa macho kwa sababu rangi za rezista ni sahihi kabisa.

Transfoma zilizobebwa kutoka nje ni kesi ya pekee. Ya Marekani imepigiwa hesabu ya hezi 60. Kwenye hezi 50 chuma chake kinashiba mapema, inavuma na kuchemka hata ukiipa volti 115 barabara. Amplifaya za Stax za soko la Japani ni za volti 100. Nusu ya Japani inatumia hezi 50, kwa hiyo huko hakuna tatizo, tatizo ni ile transfoma ya kushushia iliyoandikwa 110 inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Ukutani mkiwa na 240, inatoa karibu 115. Amplifaya ya 100 inakula asilimia 15 za ziada kila siku. Tunasuka ya 100 kwa oda. Ni ghali kuliko ya dukani, ndiyo.

Kuhusu transfoma ya duara, bolti ya katikati isiguse kifuniko cha juu cha boksi. Ikigusa chini na juu, bolti na boksi vinakuwa mzunguko mmoja wa waya uliopigwa shoti, fyuzi inakata kila ukiwasha. Boksi moja lilifika likiwa na waya wa shaba mahali pa fyuzi, kwa sababu mwenyewe alichoka kununua fyuzi. Transfoma ilikuwa nyeusi. Ilihitaji kifuniko kiinuliwe milimita tatu.

Ethi, mvumo na mafundi wa njia ya mkato

Amplifaya ikivuma, ushauri wa haraka mtaani ni kung'oa pini ya ethi. Mvumo unaisha kweli. Kuanzia hapo boksi la chuma linasubiri waya mmoja wa volti 400 ulegee. Boksi lazima lifungwe kwenye ethi kwa bolti yake lenyewe, rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Mvumo unaoingia kupitia kebo za sauti tunautibu kwa kuweka rezista ya omu 10 na dayodi mbili sambamba zinazoelekea pande tofauti, kati ya ethi ya sauti na boksi. Vifaa vyenyewe ni bei ya soda. Kazi ni kujua viwekwe wapi.

Kwenye amplifaya za valvu, zile za EL34 kama Blue Hawaii, mvumo mara nyingi si ethi. Tazama waya za hita, zile zinazochemsha kathodi ya valvu. Kathodi ikikaa karibu na reli hasi huku hita zimefungwa kwenye ethi, kati yao kuna mamia ya volti, wakati EL34 inavumilia 100. Hita zipewe sekondari yao na zishikizwe upande wa kathodi. Valvu nne zinakula ampea 6 kwa volti 6.3, usipitishe kwenye waya mwembamba wa kengele.

Transista ya 2SC4686A haizalishwi tena, na feki zimejaa. Ya kweli inahimili volti 1200. Kabla ya kulehemu tunapima kila moja kwa mega (kifaa cha kupimia uvujaji wa umeme) ya volti 1000, kupitia rezista ya megaomu 1. Zipo zinazoachia kwenye 500. Mteja aliyekuja na pakiti ya bei chee alikasirika tulipozikataa zote, akadhani tunataka kumuuzia zetu. Aliruhusiwa kutazama mita mwenyewe. Kama hakuna za kweli, tunashauri kuhamia saketi ya Carbon, toleo jingine la KGSSHV, inayotumia transista C2M1000170D ya silikoni kabaidi, volti 1700, ambayo inanunulika kwa wauzaji rasmi.

Chini ya hizo transista tunaweka vipande vya kuhami umeme vya keramiki ya alumina badala ya maika iliyotolewa kwenye redio ya zamani. Maika ikiwa na ufa usioonekana inashika volti 60 za amplifaya ya kawaida miaka yote. Kwa 400 haishiki wiki.

Joto sasa, kwa sababu nalo huja kama lalamiko. Mistari minne ya kutokea, miliampea 18 kila mmoja, kwenye volti 800 kutoka reli hadi reli: karibu wati 58, iwe muziki unapiga au umenyamaza. Ni daraja A, yaani mkondo haukatiki hata kukiwa kimya. Boksi likiwa la moto kiasi cha kuondoa mkono baada ya sekunde tano, liko sawa. Kulifunika kwa kitambaa cha mezani si sawa.

Wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja wana jambo lao, unyevu wenye chumvi. Uchafu wa flaksi (dawa ya kulehemia) ulioachwa kwenye bodi unanyonya unyevu huo na kuwa rezista. Uvujaji wa megaomu 20 tu kwenye njia ya bayasi unaishusha 580 hadi 470, sauti inapungua masikio yote mawili, kisha inapanda bodi ikipata moto. Ikipungua sikio moja, bayasi haihusiki, kwa sababu ni moja kwa yote mawili. Badilisha kebo za kuingizia kulia na kushoto, na sauti ndogo ikibaki sikio lilelile, anzia kwenye hedifoni na hatua ya kutokea. Bodi tunaosha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, mara mbili, kwa brashi, kisha tunaikausha na kuipaka vanishi sehemu ya bayasi. Aliyesafisha kwa petroli alituletea bodi yenye harufu na uvujaji uleule.

Tunawasha mara ya kwanza kwa balbu ya wati 60 kwa mfululizo na variaki (transfoma ya kupandisha volti polepole), hedifoni zikiwa kabatini. Baada ya nusu saa ya joto tunaweka mizani ya mistari ya kutokea, tofauti yao iwe chini ya volti 5, tunaiacha siku mbili, tunapima tena. Siku hizo mbili zimo kwenye bei, na ndizo anazoomba kila mwenye haraka tuziruke.

Ukitutumia amplifaya kwa basi, izime, chomoa, ngoja dakika 4. Muda huo rezista za 220 zinashusha 495 hadi karibu 50, bado si sifuri, kwa hiyo pima kwenye kapasita hadi mita isome chini ya 10 ndipo ufunge. Transfoma ifungwe kwa bolti yake au itolewe isafiri kwenye boksi lake. Hedifoni baki nazo.