Tunawadai pepa, nani kawafundisha kuziandaa?

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linalowaumiza wanafunzi wa shahada za juu na sioni likiandikwa magazetini. Siku hizi vyuo vingi ukitaka kumaliza uzamivu, na kwingine hata uzamili, unaambiwa lete kwanza ushahidi kwamba makala yako imechapishwa au imekubaliwa na jarida. Sina ugomvi na hilo, utafiti uliogharamiwa na kodi za watu haufai kuishia kwenye shelfu. Ila tunawadai hawa vijana kitu ambacho hakuna aliyekaa nao akawaonyesha kinaandaliwaje.

Mimi ni mkutubi wa chuo na wakikwama wanakuja dawati letu. Wanachokuja nacho mara nyingi ni tasnifu iliyokatwa tu, mtu kachukua sura ya nne nzima kabandika kwenye faili jipya kaweka kichwa kipya basi, ndani bado imeandikwa "kama ilivyoelezwa sura ya pili" na mhariri wa jarida hiyo sura ya pili hajawahi kuiona, jedwali la kwanza lina namba 4.7, kurasa tatu nzima ni fasili za wataalamu, alafu matokeo yenyewe yaliyomfanya akalale vijijini akichota maji ya visima kwenda kupima yako huko mwisho kabisa. Na kazi ni nzuri! Hapo ndo roho inauma, maana mhariri wa jarida hafiki huko, anasoma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, anairudisha bila hata kuipeleka kwa wasomaji wa kuitathmini.

Hiyo ya visima niliiona ikisiri yake. Ilianza "Maji ni uhai na ni muhimu kwa binadamu wote", ikaendelea hivyo hivyo sentensi kadhaa, ikamalizia "matokeo yameonyesha mambo mbalimbali na mapendekezo yametolewa". Yaani ukimaliza kuisoma hujui kapima nini wala kakuta nini. Tulikaa nayo jioni moja, nikawa namuuliza maswali ya kawaida tu, visima vingapi, wilaya gani, kiangazi au masika, vingapi vilikutwa na bakteria wa kinyesi, na vile vilivyo karibu na vyoo vilikuwa na hali gani ukilinganisha na vya mbali. Majibu yote alikuwa nayo kichwani! Tukayaandika yakatosha kwenye maneno 250 na nafasi ikabaki.

Tasnifu unaandika ili mtahini aone umesoma kila kitu, makala inajibu swali moja. Majarida mengi yanataka maneno kama 5,000 mpaka 8,000, ya afya mara nyingi hata chini ya hapo, kwahiyo kwenye kurasa 200 lazima uchague swali na majedwali matatu manne yanayolijibu, mengine uyaache kwa makala nyingine. Kuchagua huko kunamshinda mtu aliye peke yake, anahitaji supavaiza akae naye. Lakini kuna masupavaiza rasimu hawaigusi, wanachoulizia ni jina lao litakuwa la ngapi kwenye orodha ya waandishi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne ya kuitwa mwandishi: uwe umechangia kazi kwa kiasi kikubwa, umeshiriki kuandika au kuirekebisha kwa kina, umeridhia toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kilichomo. Ni yote manne, sio moja.

Mambo mengine ni madogo ila yanarudisha makala kila siku. Kila jarida lina mwongozo wa waandishi na ni wachache wanaousoma. Hili linataka marejeleo kwa mtindo wa APA, lile kwa namba za mtindo wa Vancouver, na programu ya Zotero inakupangia yote hayo bure lakini bado tunaona watu wanachapa moja moja kwa mkono. Wasomaji wa kuitathmini hawatakiwi kukujua, wewe jina lako limebaki kwenye shukrani. Utafiti wa afya za watu na namba ya kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, haipo popote.

Alafu kuna hawa matapeli. Kijana kakataliwa mara mbili, mahafali yanakaribia, inaingia imeili inamuita profesa mashuhuri, tuma makala tutakujibu ndani ya siku mbili, lipa dola. Analipa, inatoka bila mtu kuisoma, chuo kinaikataa na hawezi tena kuipeleka kwingine kwa kuwa imeshachapishwa. Inaniuma sana hii. Angalia kwanza kama jarida limo kwenye DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, pitia tovuti ya AJOL ambayo tangu 1998 inakusanya majarida ya Afrika, uliza wakutubi. Wa fasihi na lugha wana majarida ya Mulika na Kiswahili ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa afya wana Tanzania Journal of Health Research ya NIMR. Na ukienda kwa wachapishaji wakubwa wa nje, wengi wana msamaha wa ada ya kuchapisha kwa nchi kama yetu, ila uombe pale unapowasilisha, makala ikishakubaliwa wengi hawapokei ombi.

Naomba wakuu wa kurugenzi za shahada za juu mafunzo haya yaingie kwenye ratiba mapema, kabla mwanafunzi hajaenda uwandani, ili ajue mapema jarida gani analilenga na vibali gani lazima avitaje. Na supavaiza asaini kwamba ameisoma rasimu kabla haijatumwa. Sisi wa maktaba mkituita tutakuja, hata jioni.

Mkutubi,
Morogoro