Barua kwa Mwanaidi: uzazi uliporudi Puvirnituq

Montreal, Novemba

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, na kitinda mimba wangu ameanza kuota meno, basi usingizi tumeusahau.

Ile habari uliyoniandikia, ya wanakijiji wa kwenu kuitwa mkutanoni watoe maoni kuhusu wodi ya wazazi, ilhali ramani imeshachorwa, imenikera. Acha nikusimulie ya Puvirnituq; wewe mkunga utaielewa.

Ni kijiji cha Wainuiti (wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Waeskimo), kaskazini mwa Quebec, ukingoni mwa Ghuba ya Hudson. Barabara ya kufika huko hakuna, ni ndege tu. Zamani mjamzito akikaribia siku zake alisafirishwa kusini, mji wa Moose Factory au hata huku Montreal, akakaa majuma akingoja uchungu. Mume kabaki, watoto kawaacha kwa ndugu, wauguzi hawajui Kiinuktitut, lugha yake. Wakubwa wakisema ni kwa usalama wake. Wanawake wakauliza: usalama gani huu wa kuzaa mpweke ugenini, na bibi zetu walizalishana hapahapa?

Hawakungoja kuitwa kwenye kikao. Walidai, wakashikilia, na mwaka 1986 wodi ya uzazi ikafunguliwa kijijini. Jengo si hoja. Kinachonifurahisha ni kwamba wanawake wa hukohuko walifundishwa ukunga wakiwa kazini, na leo wanazalisha kwa lugha yao. Vijiji vingine vya Wainuiti, Inukjuak na Salluit, vilifuata baadaye. Na kila mimba hujadiliwa na kamati ya wakunga na madaktari: huyu azalie hapa au asafiri?

Sikufichi, hatari ipo. Anayehitaji upasuaji lazima aletwe Montreal, saa kadhaa angani, na hali ya hewa ikichafuka ndege hairuki. Wewe ungetetemeka, najua. Lakini wanawake wa huko wanajua hivyo, na wamepima wenyewe kati ya hatari hiyo na ile ya kuwatenga akina mama na watu wao. Daktari wa mjini huiona moja tu.

Kwa hiyo mkiitwa tena, msianze na rangi ya kuta wala idadi ya vitanda. Ulizeni kwanza: tukikataa, itakuwaje? Wakibabaika, mshajua.

Nisalimie mama, na uniandikie harusi ya Fatuma ni lini ili nianze kutafuta nauli.

Wako,
Zuhura