Barbara Gittings tumkumbuke kwa vitabu pia, sio maandamano tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimuongelee Barbara Gittings, Mmarekani aliyepigania haki za mashoga na wasagaji, maana kila nikisoma anapokumbukwa naona watu wanakimbilia mabango na maandamano halafu basi, habari imeishia hapo. Huyu mama alifariki tarehe 18 Februari 2007 huko Kennett Square, Pennsylvania, kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 74. Mimi nafanya kazi maktaba na kwa kweli inaniuma kuona kazi yake kubwa kuliko zote inapitwa juu juu.

Alivyoingia chuo, Northwestern, alikuwa binti mdogo ameshajua kwamba anapenda wanawake ila hana wa kumuuliza, sasa akafanya kile ambacho mtu mwenye kiu ya kujua anafanya, akaenda kwenye vitabu. Akakuta nini? Vitabu vya madaktari, vitabu vya magonjwa ya akili, ensaiklopidia, vyote vinamuelezea kama mgonjwa au mtu aliyeharibika, hakuna hata kimoja kinachosema huyu mtu anaweza kupenda, akapendwa na akaishi maisha yake kwa raha. Alisoma hivyo vitabu mpaka masomo yenyewe yakamshinda akarudi nyumbani. Na nyumbani baba yake, ambaye alikuwa mwanadiplomasia, akagundua binti ana riwaya inayohusu mwanamke anayependa wanawake, akamwandikia barua aichome, asimpe mtu mwingine yeyote. Barua jamani! Baba na binti, lakini kumwambia uso kwa uso hakuweza. Mimi hapo ndipo naona kila kitu alichokuja kufanya baadaye kilipoanzia.

Mwaka 1958 akaanzisha tawi la New York la Daughters of Bilitis, chama cha wasagaji kilichoanzia San Francisco mwaka 1955, na kuanzia 1963 mpaka 1966 akawa mhariri wa jarida lao, The Ladder. Mhariri mwenzenu huyo! Kabla yake jalada lilikuwa linabeba michoro, yeye na mwenzi wake Kay Lahusen, mpiga picha, wakataka wanawake wa kweli waonekane, ila kumpata wa kukubali ilikuwa shughuli. Tukumbuke tangu 1953 kulikuwa na amri ya Rais Eisenhower ya kuwafukuza watu kama hao kwenye kazi za serikali kuu, kwa hiyo picha moja tu ingeweza kukumaliza, ndo maana mwanzoni walipigwa kwa mgongo au wamevaa miwani myeusi, hadi Januari 1966 mwanaharakati Lilli Vincenz akakubali sura yake nzima itoke kwenye jalada, anatabasamu. Mtu anayeitazama leo anaweza kuona ni picha ya kawaida tu, na ndicho Kay na Barbara walichokuwa wanakitafuta.

Maandamano nayo siyabezi hata kidogo. 1965 aliandamana mbele ya Ikulu ya Marekani na mwanaharakati mwenzake Frank Kameny, na tarehe 4 Julai kila mwaka kuanzia huo mwaka mpaka 1969 walikuwa Independence Hall, Philadelphia, jengo ambalo uhuru wa Marekani ulitangazwa, wanaume suti na tai, wanawake magauni, wanazunguka na mabango yao kimya kimya wakati nchi nzima inasherehekea uhuru. Kwa hiyo wale wanaosema harakati hizi zilianza na vurugu za Stonewall, baa ya mashoga ya New York, mwaka 1969 wanawafuta hawa watu waliotangulia na mimi sikubaliani nao kabisa.

Sasa twende kwenye vitabu. Mwaka 1970 ndani ya chama cha wakutubi wa Marekani kilizaliwa kikundi cha mashoga na wasagaji, cha kwanza cha aina hiyo ndani ya chama cha wanataaluma, na Gittings ambaye hata hakuwa mkutubi akakiongoza kuanzia 1971 mpaka 1986. Miaka 15 ya kutengeneza orodha za vitabu vinavyofaa, kuwaandikia wachapishaji, na kupigania mada hizi zitolewe pale Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, ilipokuwa imeziweka, yaani pamoja na uhusiano wa kingono usio wa kawaida na makosa ya jinai. Asiyefanya kazi hii ataona ni mambo madogo, lakini kitabu kikikaa rafu hiyo, msomaji ameshaambiwa yeye ni nani kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Kwenye mkutano wao wa Dallas 1971 walifungua banda la kukumbatiana bure, kamera za televisheni zikajaa na watu wakajaa, ila wakawa wanatazama tu, hakuna aliyesogea, basi yeye na mwandishi Alma Routsong wakakumbatiana na kubusiana wenyewe mbele ya kamera.

Mwaka uliofuata, hapo hapo Dallas, madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa na mkutano wao. Kay akatoa wazo kwamba jukwaani asikosekane daktari wa akili ambaye mwenyewe ni shoga, Barbara akaanza kuwatafuta, wakawa wanakataa mmoja baada ya mwingine kwa kuogopa kazi zao. Mwisho akakubali John Fryer, kwa masharti, akapanda jukwaani amevaa kinyago na wigi, na maikrofoni inayobadilisha sauti, akatambulishwa kwa jina la Dr. H. Anonymous. Barbara naye akasoma maneno ya wale waliokataa kujitokeza. Desemba 1973 chama cha madaktari hao kikaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa ya akili. Yaani vile vitabu vilivyomwita mgonjwa akiwa binti, yeye alikuwa mmoja wa watu waliofanya vibadilishwe, na sijui ni wangapi wanaweza kusema hivyo.

Na Kay msimsahau. Walikutana 1961, wakawa wapenzi miaka 46, na ndoa yao sheria ya Pennsylvania isingeitambua maana ilikuja kuruhusu mwaka 2014, miaka saba Barbara ameshazikwa. Uzeeni walihamia kwenye makazi ya wazee na hata huko wakajitangaza wazi kwenye kijarida cha hayo makazi. Kay alifariki 2021, na picha nyingi za harakati za miaka ile tunazoziona leo ni yeye alizipiga.

Ombi langu ni hili, mkiandika tena habari za huyu mama, wekeni na lile jalada la Januari 1966 na jina la Kay chini yake, halafu mtaje kwamba chama cha wakutubi kilimpa uanachama wa heshima wa maisha mwaka 2003, akiwa hai.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfanyakazi wa maktaba