Laki na Nusu ya Ukaguzi Inalipia Nini?

Juzi mteja aliondoka gereji kwetu Arusha amenuna. Alileta Honda Africa Twin XRV750 ya 1997, akataka jibu papo hapo: aitengeneze au aiuze anunue nyingine? Tulipomtajia laki na nusu ya ukaguzi akasema huo ni wizi, fundi wa kweli anasikiliza injini tu na jibu analo. Maneno hayo tumeyasikia mno, basi tuyajibu hapa.

Kusikiliza tunasikiliza. Ila injini ya XRV iliyomwagwa oili kwa wakati hulia vizuri hata kama umeme wake umeshakufa. Honda waliacha kuitengeneza 2003, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imepita miaka ishirini. Mara nyingi kinachoiangusha ni waya, sili na soketi, siyo pistoni.

Hela yako inalipia hivi: tunapima kompresheni (mgandamizo) silinda zote mbili, tunaangalia tapeti (nafasi ya vali), tunainua gurudumu la mbele na kuvuta fok kutafuta mchezo kwenye beringi za usukani. Shingo ya fremu tunaikwangua uchafu, maana nyufa zilizofichwa kwa rangi tumekutana nazo. Namba ya fremu inalinganishwa na kadi. Kisha tunaingia kwenye umeme, na hapo ndipo muda unapokwenda.

Koili ya chaji, yaani stata, inatoa waya tatu za njano zinazoingia kwenye soketi kabla ya rectifaya, kifaa kinachogeuza umeme huo uwe wa kuchaji betri na kuzuia volti zisizidi. Soketi ikishika kutu inapata moto, plastiki inageuka kahawia, mwisho inayeyuka. Tunaichomoa, tunawasha, tunapima njano kwa njano, jozi zote tatu. Ukivuta mafuta, volti zipande na zilingane. Jozi yoyote ikibaki chini, stata imeungua. Zikilingana lakini kwenye betri hupati volti 14, basi shida iko kwenye rectifaya au nyaya zake. Sikio gani litakwambia hayo?

Watu wengi wanaanza na betri mpya. Ikifa wananunua nyingine. Halafu fundi wa kijiweni anafunga rectifaya ya Boksa, kwa kuwa inapatikana kila duka na bei yake ni ya chai. Rectifaya ile ni ya pikipiki ndogo, haiwezi mzigo wa stata ya XRV. Mteja mmoja wa Babati alifungiwa hiyo, waya wa njano wa tatu ukakatwa na kuviringishwa selotepu. Akaenda nayo Singida usiku, taa zote zinawaka. Ilirudi juu ya Fuso: rectifaya imepasuka, soketi imeyeyuka, stata nyeusi kama mkaa. Kazi ya rectifaya na soketi ikawa kazi ya stata, gasketi, oili na nauli ya Fuso. Na bado akauliza kwa nini tuko juu!

Mwingine alitolewa pampu ya mafuta, akaambiwa petroli itashuka yenyewe. Ni kweli inashuka, tangi likiwa limejaa. Mafuta yakipungua yanabaki chini ya usawa wa kabureta, na pikipiki inazima porini huku ukiyasikia yakicheza ndani.

Wenye BMW R1200GS nao wasicheke. Inua gurudumu la nyuma, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, au ukiona oili imelowesha rimu, beringi ya difu (gia za nyuma zinazozungusha gurudumu) inaondoka. Ukiiwahi ni beringi na sili. Ukisema "nitamalizia safari hii kwanza," utanunua difu nzima.

Sasa, kuuza au kutengeneza. Tunakwambia uza fremu ikiwa imepinda au imepasuka shingoni, kava la injini limetoboka, au kifaa cha ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga) cha BMW R1150GS kimekufa na wewe hutaki kuingia gharama yake. Kilomita nyingi peke yake si sababu. Kwangu mimi, XRV yenye kompresheni nzuri na fremu safi inatengenezwa, hata kama bili inauma, kwa sababu historia yake unaijua. Ile ya mtumba utakayonunua nayo itadai matairi, cheni na sproketi, oili ya breki na betri kabla hujafika Namanga. Hesabu hiyo wateja huwa wanairuka.

Na jihadharini na pikipiki za wasafiri wa Cairo hadi Cape Town wanaochoka njiani na kuuza kwa bei ya kutupa. Nyingi zimeingia kwa karneti (hati ya kupitisha chombo mpakani kwa muda) au kibali cha muda, ushuru haujalipwa. Uliza Mamlaka ya Mapato (TRA) kwanza, ndipo utoe hela. Tunayo moja hapa uani, mwenyewe hajaweza kuisajili mpaka leo.

Ukikubali tuifanye kazi, ile laki na nusu inakatwa kwenye ufundi. Ukiamua kuuza, unaondoka na karatasi ya vipimo umwonyeshe mnunuzi. Ilete injini ikiwa baridi, na tafadhali usiioshe kwanza. Oili inakovujia tunataka kupaona.