Zuwena, jibu la ile voisi yako ya bekoni

Jambiani, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuwena,

Asalaam alaykum. Natumai mzima na wa nyumbani wote wazima, mama vipi goti lake? Mie mzima alhamdulillah, mikono tu inanuka moshi na thomu tokea jana na sababu ni weye. Ile voisi yako niliisikiliza mara tatu mana mwanzo nlidhani simu yangu mbovu, Zuwena wa Chake Chake, Pemba, ananiuliza mie habari ya bekoni! Nlicheka mpaka mama akatoka ukumbini kuja kuuliza kuna nini. Baadae ndo nikafahamu kumbe ni kwa ajili ya wifi yako Mjerumani, kwamba kasilimu, nyama kaiacha zamani hata kuku, maziwa hanywi, na kitu kimoja tu anachokikumbuka cha kwao ni harufu ya bekoni asubuhi, na anakuja kula Idd na nyie. Bas nikaona hii voisi haitoshi, nikae niandike, weye usome taratibu ukiwa jikoni.

Kwanza nikutoe hofu. Bekoni yenyewe ni nyama ya tumbo la nguruwe, wanaitia chumvi siku kadhaa kisha wanaifukiza moshi, hiyo haituhusu. Hii nnayopika mie ni tofu, na tofu ni soya, maharagwe, bas. Lakini mama yangu ukimwapia hata kwa mlango wa msikiti hasikii, anasema jina lake tu lamtia kinyaa, hatii mdomoni kitu chenye jina hilo hata kingekuwa mchicha. Nlimbishia wiki nzima halafu nikamuachia, nikaona ana haki yake. Hapa nyumbani tunaita tofu ya moshi na anaila, tena anamalizia na za wenzake. Kwa hiyo na mama yako usianze na jina, mwanzo sahani.

Mie nliingia kwenye mambo haya msimu uliopita pale gesti nnapopika. Alikuja mgeni hali nyama wala mayai wala siagi, kila asubuhi namkatia embe na nanasi na boflo kavu, siku ya nne akaniuliza kwa upole kama naweza kumtengenezea bekoni ya tofu. Nikasema naweza. Kinywa hichi! Mie bekoni sijaionja maishani na sitoionja, sasa ntajuaje kama imekuwa au haijawa? Nikamwendea nikamwambia hebu nieleze, inakuwaje mdomoni. Akafikiri, akasema chumvi, moshi, utamu kwa mbali, mafuta mafuta, na pembeni iwe kavu ukitafuna ilie. Nikamwangalia nikamwambia dada, huyo unayenieleza ni papa. Wallahi si papa huyo? Papa wa chumvi aliyebanikwa juu ya makaa, au ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Tokea siku ile nliacha kumtafuta mnyama wake nisiyemjua nikawa natafuta ng'onda, na huyo namjua tokea sijaota meno.

Haya, tofu. Mjini dukani utaipata iliyotoka nje, bei yake utaiweka chini mwenyewe, na huko Chake sijui kama ipo kabisa, kwa hiyo tengeneza. Soya iko ya tele, ile inayotoka bara, Ruvuma na Iringa huko, lakini nunua nzima mbichi, siyo ile iliyokaangwa ya kusagia uji wa watoto, iliyokaangwa haitoi maziwa. Chukua robo kilo, iroweke usiku kucha ivimbe. Asubuhi itie blenda na maji, kwa robo kilo mie natumia kama lita mbili kwa jumla, kisha inakuwa kama unakamua tui, kitambaa au kifumbu, kamua mpaka chicha libaki kavu. Lile chicha la soya usitupe, tia kiazi, bizari, pilipili na kotmiri ufanye katlesi.

Maziwa yake eka motoni usimame hapo hapo, usiende kujibu simu, mana yanapanda kwa ghafla na yakimwagika kwenye jiko utasugua mpaka magharibi. Yakichemka punguza moto yaendelee dakika kumi, na hapa usifanye haraka kwa sababu soya isiyoiva vizuri inavuruga tumbo, mie ilinitokea mwanzo na sihadithii. Kisha epua, subiri yatulie kidogo, ndo utie cha kugandisha. Wachina wenyewe wanatumia jasi, jamii ya ile jipsam ya dari lakini ya chakula. Ndimu inafaa, vijiko vitatu vinne, au siki, ila tofu yake laini na uchachu unabaki. Mie natumia haluli, yaani chumvi ya Epsom. Ndiyo, haluli ile ile ya kuharishia, usicheke! Vijiko viwili vidogo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, unamimina kidogo kidogo unakoroga mara moja mbili halafu unaacha, usivuruge. Utaona yanajitenga, mabonge meupe juu na maji ya kimanjano chini, na sehemu kubwa ya haluli inaondoka na hayo maji kwa hiyo hakuna atakayekimbia chooni. Mimina kwenye kitambaa, kunja, eka kwenye chujio, juu yake sahani na juu ya sahani kinu kile kidogo cha thomu au pakiti mbili za sukari. Nusu saa. Utapata kibonge kama kiganja changu na nusu, usikitegemee kulisha harusi.

Sasa kosa la watu wengi, na langu pia, ni kuikata hapo hapo. Usikate. Lala nayo friji, kesho yake ndo ukate kwa kisu kilicholowa, unene wa sarafu mbili tatu, na vile vipande vipange kwenye sinia visigusane uvitie friza. Vikiganda vitageuka manjano usishtuke, vikiyayuka vinarudi rangi yake. Barafu ndani yake inatoboa tundu tundu, ukivibana katikati ya taula mbili maji yote yanatoka, na kipande kinakuwa kama sponji, chochote utakachokitilia kinakunywa. Bila hivyo chumvi inakaa juu tu na ndani unatafuna maziwa ya soya.

Cha kurowekea ni rahisi. Sosi ya soya vijiko vitatu, sukari guru iliyoparwa kijiko kimoja, siki kijiko, tungule ya kopo nusu kijiko kwa ajili ya wekundu, thomu iliyotwangwa, pilipili manga ya kutosha kweli kweli, mafuta kijiko kimoja. Chumvi usiongeze, sosi inatosha. Hiyo sosi lakini soma chupa, moja kwa ajili ya alama ya halali mana zile za kuchachusha zinazaa kilevi kidogo zenyewe, na pili nyingi zina ngano ndani, kwa hiyo muulize wifi yako kama anakula ngano, wageni siku hizi huwezi kujua nani anajizuia na nini. Vilaze humo saa mbili, ukiweza usiku kucha.

Ukivikaanga hivyo hivyo vitamu, sikatai, lakini unakuwa umepika tofu ya sosi na huyo wifi yako atakushukuru kwa adabu tu. Kilichobaki ni moshi. Wazungu wana chupa ya maji ya moshi na wana paprika ya kufukizwa ya Hispania, mgeni mmoja aliniachia kikopo nikakitumia kwa kubana mpaka kikaisha. Hapo ndo nikakumbuka kuwa sisi kufukiza tumezaliwa nako, tunafukiza nguo, tunafukiza gudulia la maji kwa ubani, biriani linatiliwa kaa, mie naomba moshi kwa nani?

Mara ya kwanza nikachukua chetezo, kile cha kufukizia udi. Nlikiona kinakaa sawa katikati ya sufuria, nikatia kaa, nikapanga tofu pembeni, nikafunika, nimejaa raha na akili yangu. Zuwena, kile chetezo kina udi wa tokea harusi ya Rukia! Nafunua sufuria inanukia bi harusi. Vipande vyekundu vizuri vimepangika, vinanukia udi na mawaridi. Mdogo wangu akala kimoja akasema hichi siyo cha kula hichi cha kujifukizia shuka. Nikavipa kuku, na kuku nao wakasita kwanza.

Kwa hiyo chukua bakuli dogo la bati ambalo halijawahi kukutana na udi. Chukua kipande cha kifuu cha nazi, kitie kwenye seredani mpaka kiwe kaa jekundu hasa, kisiwe na ulimi wa moto. Panga tofu imechuja lakini bado mbichi mbichi, moshi unashika penye maji na mafuta, pakavu unapita tu. Bakuli katikati, kaa ndani yake, kisha dondoshea mafuta ya kupikia matone matatu manne, siyo samli, samli ni maziwa na huyo hatumii. Hapo moshi unapanda mzito mweupe, funika haraka na uzungushie kitambaa kibichi kwenye mfuniko. Dakika kumi. Mie narudia mara mbili na kaa jipya, mara tatu niliwahi ikawa chungu. Na ufanyie uani, au dirisha wazi, usinifungie jiko ukajifukiza na roho yako.

Kukaanga ndo dakika tano tu lakini ndo zinazoharibu kazi ya siku mbili. Ile sukari guru inaungua ukipepesa macho, kwa hiyo moto mdogo, mafuta kidogo kwenye kikaango, vipange visipandane, ukiona pembeni vimekuwa rangi ya kahawa na vinaanza kujikunja geuza, na mwisho kabisa nyunyizia ule mchuzi uliobaki kijiko kimoja tu, utalia chwaa na kuvipaka mng'aro, toa hapo hapo. Vikiwa moto vitakuwa laini, usivirudishe, viache kwenye sahani dakika mbili vinakauka vyenyewe. Wenye oveni wanachoma nyuzi 180 kama dakika 25 wakigeuza kati kati, inatoka sawa sawa zaidi lakini mie naipenda ya kikaango, ina pahala pameungua kidogo na pahala laini.

Yule mgeni wa gesti siku nliyompelekea ya kifuu hakusema kitu. Alikata kipande, akanusa kwanza, akala, akaeka uma chini akaangalia bahari kidogo, kisha akaniuliza kama kuna nyengine. Mie nlisimama nyuma ya mlango wa jiko na kitambaa mkononi kama niliyengoja matokeo ya fomu foo. Na mama, ambaye hajui bekoni ni nini na hataki kujua, aliikula na muhogo wa nazi akasema asingejua angesema papa. Hao wawili ndo mizani yangu, mie mwenyewe sina nyengine.

Kwa wifi yako mpikie siku ya pili ya Idd asubuhi, siku ya kwanza nyumba itakuwa imejaa watu na watoto wataichukua kwa mikono. Mtilie katikati ya boflo na tungule mbichi na majani ya saladi, chai ya rangi pembeni. Na uitengeneze tofu mapema, ikiwa friji kwenye maji unayobadilisha kila siku inakaa siku tatu nne, ikianza uchachu itupe, joto la kwetu halina urafiki.

Halafu na mie nina ombi. Nimefikiria ile kaa ya kifuu nikiichanganya na makonyo, vile vijiti vya karafuu, kidogo itakuwaje, mana makonyo yana ukali wake na huku Jambiani nani atanipa, na weye hapo Wawi kwenye kiwanda cha makonyo ni mwendo wa pua na mdomo. Niombee kiganja kimoja tu, siyo gunia, nisije nikaambiwa nafanya magendo. Mpe mtu yeyote anayekuja na boti, anishushie Malindi, bandarini mjini Unguja, kwa shemegi dukani, mie ntapita Alhamisi nikienda sokoni. Na uniambie wifi ameionaje, lakini usinitumie alichosema, nitumie video ya uso wake anapotafuna.

Msalimie mama, na watoto, na huyo kaka yako mwambie tulikuwa hatujui kama anajua kuchagua.

Mie shoga yako,
Mwanaisha