Karatasi ndani ya soksi

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua nimeipata, na nimecheka uliposema ratiba yako ina vipindi vichache mpaka unajiona uko likizoni. Nami nilishangilia hivyohivyo mwaka wa kwanza.

Shuleni kengele ilituamulia yote: kuamka, kula, kusoma, kulala. Chuoni hakuna. Wiki nzima sikukanyaga mhadhara wa asubuhi na hakuna aliyeuliza. Mhadhiri hata jina langu hakulijua. Nikadhani ndio uhuru. Kumbe zile saa tupu zina mwenyewe: kozi nyingi hupangwa ukitarajiwa kujisomea saa nyingi kuliko unazokaa darasani. Nililijua hilo jaribio la kwanza liliporudi, alama 9 kati ya 30. Nikaikunja karatasi mara nne nikaitia ndani ya soksi, utadhani kuna wa kunipekua.

Ila alama hazikuniumiza kama kuwatazama wenzangu. Kila mmoja anaandika, anaitikia kwa kichwa, na mimi naamini niliingia chuo kwa kubahatisha. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliofaulu sana huku wakijiona wamewahadaa watu. Wakati ule sikuyajua hayo. Kilichoniokoa ni mwenzangu wa chumbani, bingwa wa kuitikia kwa kichwa. Usiku mmoja alinisogezea daftari akanong'ona, "Wewe hapa ulielewa chochote?" Ukurasa mzima alikuwa amechora ndege. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Tangu hapo, jioni ya siku ya mhadhara tulikaa dakika 20, mmoja akimweleza mwenzake bila kufungua daftari. Unapokwama ndipo hujaelewa, huna pa kujificha. Tukikwama wote, tunakwenda kwa mhadhiri, saa zile alizobandika mlangoni. Mara ya kwanza niliuzunguka mlango ule siku tatu. Nilipoingia, nilimkuta amekaa peke yake, wala hakuna foleni.

Halafu hizo simu zako za nyumbani za "mambo shwari" huku koo limekukaba, acha. Mama anakujua sauti.

Jaribio la kwanza likirudi niandikie umepata ngapi. Usilitie soksini.

Wako wa siku zote