Aliyetuhesabu Sote

Mombasa,
9 Juni 2024

Kwa ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wabaadu, sisi huku tu wazima, na Mama Riziki anakusalimu sana na kukukumbusha kwamba kanzu yako uliisahau kwake siku ya arusi. Habari ya kile kiwanja cha Kisauni nitakueleza wakati mwingine. Ninajua kwamba tangu Idi sijakuandikia hata neno moja, nawe una haki ya kunilaumu. Barua hii nimempa Athumani aivushe mpaka wa Horohoro mwenyewe na kukukabidhi mkononi, kwa sababu yaliyomo ni amana ya mtu mwingine, na sikutaka niyaandike kwenye simu yakaja kusomwa na asiyehusika.

Ni habari ya Sarahangi, yule wa genge letu la bandarini.

Wewe ulimwona mara moja tu, siku uliyokuja kunisubiri getini, na tulipokuwa njiani kurudi ukaniambia kwamba yule bwana ana macho ya mtu asiyelala. Nilikubishia, nikasema ni uchovu wa zamu za usiku. Leo ninakuandikia kukiri kwamba uliona kwa dakika tano jambo ambalo mimi nilikaa nalo miaka sita bila kulitambua.

Katika genge letu la kufunga na kufungua makontena hakuna asiye na deni la wema kwake. Mtoto wa Juma alipolazwa, Sarahangi alisimama mahali pa Juma usiku tatu mfululizo bila kuulizwa. Vijana wanaotafuta kazi za melini humletea mikataba yao, naye huwasomea kipengele kwa kipengele, akikazia kidole pale panapoeleza kwamba baharia akitekwa mshahara wake uendelee kulipwa mpaka arudishwe kwao. Kanuni hiyo iliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia na kuanza kutumika Desemba 2020. Chakula cha usiku hukigawa yeye. Huikata boflo vipande vilivyo sawa kabisa, akavipima kwa macho kama mtu anayepima dhahabu, na kipande chake hukichukua mwisho. Kabla hatujapanda ngazi ya meli hutuhesabu, na tukishuka hutuhesabu tena. Mimi nilidhani huo ni ukali wa kazi, kwa kuwa chuma kinaua na sitaha ya usiku haina huruma. Nilidhani pia kwamba jina la Sarahangi ni lakabu tu, kama walivyoitwa wasimamizi wa zamani wa bandarini.

Usiku mmoja katikati ya Mei, kijana wetu mmoja aliponyokwa na chuma cha kufungia kutoka safu ya tatu, kikaanguka sitahani kwa kishindo kilichopasua masikio. Nilipogeuka nilimwona Sarahangi amelala kifudifudi, viganja vyake vimefumbatana kisogoni, hatikisiki. Bakari, hakuanguka. Alilala kama mtu aliyeamriwa kulala, mtu ambaye mwili wake unaijua amri hiyo kabla akili haijafika. Sijui zilipita sekunde ngapi. Kisha akainuka, akapangusa magoti, akasema, "Nimeteleza," akatuhesabu mmoja mmoja mpaka saba, akatuambia tuendelee. Wenzangu wote waligeuza nyuso zao upande wa bahari, na mimi pia niligeuza wangu.

Alfajiri, baada ya kusali, aliniita nikae naye. Ndipo nilipogundua kwamba sijapata kumwona ameketi bila ukuta nyuma ya mgongo wake. Akaniambia kwamba alikuwa sarahangi kweli, kwa cheo, yaani kiongozi wa mabaharia wa sitahani, katika meli iliyotekwa na maharamia wa Kisomali miaka ile ambayo habari hizo zilikuwa za kila wiki. Utaikumbuka ile meli ya uvuvi iliyochukuliwa karibu na Lamu Oktoba 2010, yenye Wakenya 39, na kabla yake ile Semlow ya mwaka 2005 iliyokuwa imebeba mchele wa msaada, ambayo sisi tukiwa vijana tuliizungumza barazani kama hadithi ya mbali. Yake ilikuwa meli nyingine, na jina lake sitaliandika hapa. Walikaa miezi minane na siku kadhaa. Walinzi wao walikuwa wakitafuna miraa kuanzia alasiri, na ilipofika usiku wa manane walifyatua risasi pembeni ya masikio ya mateka, ama kwa hasira, ama kwa kuwashwa na vidole tu. Maji ya tangi yalipobaki ya kutu, yeye ndiye aliyewagawia wenzake kwa kifuniko cha chupa, na yeye ndiye aliyewahesabu kila walipohamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine, kwa sababu aliogopa kwamba siku moja idadi itapungua bila mtu kujua. Mwenye meli aliukata mshahara wao tangu siku ya kutekwa. Alirudi nyumbani akakuta madeni.

Kulikuwa na kijana wa jikoni ambaye kila usiku alimwuliza, "Sarahangi, kesho?" naye humjibu, "Kesho, inshallah." Hapo alinyamaza, wala sikumwuliza zaidi. Ila tangu siku ile ninamsikiliza vizuri, na kweli hatamki neno kesho. Husema "zamu ijayo".

Sasa kila jambo ninalolikumbuka limegeuka maana. Mwezi wa Machi, ilipotekwa meli ya MV Abdullah iliyokuwa ikitoka Maputo na makaa ya mawe, mabaharia 23 wa Bangladesh wakawa mateka Ramadhani nzima, sisi tulikuwa tukibishana juu ya kikombozi kama watu wanaobishana juu ya mpira. Yeye aliomba simu ya Juma, akaitazama picha ya wale watu kwa muda mrefu, kidole chake kikigusa uso mmoja baada ya mwingine, akairudisha bila kusema lolote. Mwezi uliopita Gavana alipotangaza kupiga marufuku muguka, ile jamii ya miraa, hapa Mombasa, genge zima liligawanyika kwa makelele, naye hakuchangia neno. Nilikuwa nimezoea kuona kwamba mtu akianza kutafuna karibu naye, yeye huinuka taratibu na kuhamia upande unaotoka upepo, akisingizia kukagua kamba. Hajapata kumkataza mtu. Boti ya fiberi ikipita mkondoni na injini yake inayolia kwa sauti ya juu, husimamisha mazungumzo mpaka ajue ina watu wangapi.

Mkewe alimpeleka kwa maalimu akasomewa na kunywa kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, na yeye mwenyewe ameniambia kwamba kisomo kile kilimpa usingizi wa miezi kadhaa, nami ninaamini. Lakini usingizi umeondoka tena. Zamu za usiku anaziomba yeye, ili mchana apate udhuru wa kulala vipande vipande nyumba ikiwa na mwanga.

Mwenzetu mmoja, kwa nia njema, alitaka tuandike ofisini ili apumzishwe. Nilimsihi asifanye hivyo. Ninachokiona mimi ni kwamba kutuchunga ndiko kunakomsimamisha, na tukimnyang'anya genge lake tutakuwa tumemrudisha kwenye chumba kile akiwa peke yake. Lakini pia sioni kuwa ni haki tuendelee kugeuza nyuso. Tulilofanya mpaka sasa ni dogo: tumepatana, bila yeye kuwapo, kwamba vyuma vishushwe kwa mkono mpaka sitahani, na kikiwa lazima kidondoke, mtu apige ukelele kwanza. Juzi alisimama akatutazama, akasema, "Siku hizi mnafanya kazi polepole," kisha akatabasamu. Sijui kama ametambua. Mara nyingine ninadhani ametambua na ameridhia, na mara nyingine ninaogopa kwamba ameona haya.

Wewe ndugu yangu umesomea uuguzi wa maradhi ya akili na umekaa na watu wa namna hii wodini. Nakumbuka uliniambia kwamba kiwewe kinaweza kukaa mwilini miaka mingi, na mwenye nacho akaonekana mzima kwa kila mtu, na kwamba yapo matibabu ya kuzungumza ambayo yanasaidia hata baada ya muda mrefu. Sasa niambie: mtu ambaye kazi yake yote ni kuwabeba wengine, anaanzwaje kuambiwa kwamba naye anaweza kubebwa? Nimwulize habari za yule kijana wa jikoni, au ningoje mpaka amtaje mwenyewe? Je, ninakosea kumpunguzia vishindo, au yampasa avizoee? Nikimwambia kwamba nina rafiki Tanga angependa kumsikiliza, nitakuwa nimeivunja amana yake? Na wewe utakuja lini? Ungekubali kuja kama mgeni wangu wa kawaida, ukala naye samaki pale Misheni ya Mabaharia au hapa nyumbani, bila kutajwa daktari wala dawa? Na mkewe, ambaye amelibeba jambo hili miaka yote hii bila mtu wa kumpokea, tumfanyie nini?

Athumani atarudi Alhamisi. Tafadhali usimwachie aje mikono mitupu, hata kama utaandika mistari mitatu.

Leo nina zamu naye saa kumi na mbili jioni. Nitakwenda mapema kidogo, niwe nimesimama pale chini ya ngazi kabla hajaanza kuhesabu.

Wasalaam,
Nduguyo Hamisi